Mashine ya kufulia haitoi maji: jua yanakwama wapi kabla hujanunua pampu

Nguo zimefuliwa, ngoma bado imejaa maji ya povu, mlango hautaki kufunguka na kwenye kioo cha mashine zimetokea herufi mbili. Neno la kwanza ambalo wengi husikia kwa fundi ni kwamba pampu imekufa. Mara nyingi haijafa. Pampu ya kutoa maji ni kifaa kidogo kisicho na mambo mengi ndani yake. Mara nyingi zaidi imezibwa, imekabwa na kitu, imekosa umeme wa kutosha, au inasukuma maji kwenye bomba ambalo lenyewe limeziba. Ukinunua mpya bila kujua maji yanakwama wapi, na hiyo mpya itakwama palepale.

Hata herufi zile za kwenye kioo hazisemi kuwa pampu ni mbovu. LG huandika OE, Samsung 5E au 5C (kwenye vioo vya zamani 5 huonekana kama S), Bosch E18, Electrolux E20. Maana yake zote ni moja: mashine imeagiza maji yatoke, muda iliopangiwa umepita, na kipimo cha maji bado kinasema maji yapo. Mashine haijui sababu. Kuitafuta ni kazi yako, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji kifaa chochote zaidi ya beseni, tochi na masikio.

Mashine yako hutoa maji kwa njia gani?

Mashine za nyumbani hutoa maji kwa njia mbili, na kinachoponya moja huiharibu nyingine. Hapa ndipo makosa mengi huanzia.

Njia ya kwanza ni pampu. Mashine zote za mlango wa mbele zina pampu, na baadhi ya zile za mfuniko wa juu pia. Pampu huyapokea maji chini ya tangi na kuyapandisha kwenye mpira wa kijivu ulio nyuma. Kwa mashine hizi mpira lazima upande: sehemu yake ya juu kabisa iwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukiwa chini ya hapo maji hujimwaga yenyewe wakati mashine bado inafua. Ukizidi hapo pampu inaelemewa.

Njia ya pili ni mteremko. Mashine za matangi mawili, zile ambazo upande mmoja unafua na mwingine unakamua, nyingi hazina pampu. Otomatiki nyingi za mfuniko wa juu zinazouzwa madukani kwetu nazo hazina. Ndani yake kuna valvu ya mpira. Ikifunguka, maji hushuka kwa uzito wake. Kwa hizi mpira lazima ulale. Ukiinuka zaidi ya sentimita 10 hadi 15 popote njiani, hata kwa kuruka kizingiti cha bafu, maji yatabaki ndani.

Kutofautisha ni rahisi. Tazama nyuma ya mashine. Mpira unaotokea chini kabisa, karibu na sakafu, na haukushikizwa juu kwa klipu, ni wa mteremko. Mpira unaopanda mgongoni mwa mashine hadi karibu na kimo cha kiuno ni wa pampu. Ukiwa bado na shaka, sikiliza inapoanza kutoa maji: pampu huvuma mfululizo, valvu hulia "tak" mara moja kisha maji humwagika kwa kasi. Fundi aliyeuning'iniza mpira wa mashine ya mteremko kwenye ukingo wa sinki ameiwekea ugonjwa usio na dawa mpaka mpira ushuke.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mashine za pampu. Za mteremko zina sehemu yao mwishoni.

Usalama

Chomoa plagi kwenye soketi kabla hujaingiza mkono popote. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Kama ulikuwa unafua kwa maji ya nyuzi 60 au 90, subiri angalau saa moja, kwa maana maji yatakayotoka chini ndiyo yaleyale. Na usivunje mlango. Umejifunga kwa sababu kuna maji, na maji yakiisha utafunguka wenyewe baada ya dakika chache.

Sikiliza kwanza

Rudisha plagi, chagua kukamua peke yake (au kutoa maji, kama mashine ina chaguo hilo), kisha sogeza sikio karibu na kona ya chini upande wa kulia, ambako pampu hukaa kwenye mashine nyingi za mlango wa mbele.

Mvumo laini wa mfululizo, maji hayatoki au yanachuruzika tu: pampu inazunguka. Tatizo ni njia. Mpira umekunjika, umeziba, bomba la nyumba limeziba, au maji hayaifikii pampu.

Mngurumo mzito usiobadilika, kama kitu kinachojaribu kuanza na kushindwa: feni ya pampu imekabwa na kitu, au umeme ni mdogo.

Mkwaruzo au mgongano wa haraka: kuna kitu kigumu kinachogonga feni. Sarafu, kifungo, waya wa sidiria. Zima mara moja, kwa sababu feni ni ya plastiki na sarafu ya shilingi mia mbili itaishinda.

Sauti ya kugugumia, mara maji mara hewa: maji yanafika kidogo kidogo, au ngoma imejaa povu.

Kimya kabisa: umeme haufiki kwenye pampu, au koili yake (waya uliosokotwa ndani ya mota) imekatika. Hata hivyo fungua filta kwanza. Baadhi ya pampu zina kinga ya joto ndani; zikikabwa kwa muda mrefu hujizima, na zikipoa huamka tena.

Filta: hapa ndipo mengi huishia

Filta ipo nyuma ya kijimlango kidogo chini mbele, mara nyingi kulia. Tandika taulo kuukuu, leta sinia au chombo kingine cha chini, maana beseni la kawaida halitaingia pale. Kama karibu na filta kuna kijipira chembamba chenye kizibo, kivute nje, kichomoe kizibo na uyaache maji yatoke taratibu. Kikijaa chombo, rudisha kizibo, mwaga, endelea. Kama hakipo, legeza filta robo mzunguko tu kuelekea kushoto mpaka maji yaanze kutiririka, kisha kaza tena chombo kikijaa. Mashine ya mlango wa mbele inaweza kuwa na lita 15 na zaidi ndani. Ukiifungua yote kwa mkupuo umefurika jiko.

Maji yakiisha, zungusha filta mpaka itoke. Itatoka na donge la kijivu lenye utelezi. Lipasue uone lina nini, kwa sababu linakueleza mashine inalishwa nini. Nyuzi ndefu za rangi ni za kanga mpya ambazo hazijapindwa. Pindo lisiloshonwa huachia uzi kila linapofuliwa. Nywele za bandia ni mbaya zaidi, kwa kuwa hazikatiki na hujisokota kwenye mhimili wa feni. Mchanga hutoka kwenye sare za shule na soksi za watoto. Utakuta pia pini za nywele, shanga na vimetameta vya madira, vijiti vya meno, na noti iliyogeuka uji.

Sasa mulika tochi ndani ya tundu. Mwishoni utaona feni ndogo ya plastiki. Izungushe kwa kidole au kwa mpini wa kijiko. Hapa watu wengi hudanganyika: feni nzima haizunguki kilaini. Ndani ya pampu kuna sumaku, hivyo feni huenda kwa kurukaruka, inashika na kuachia. Hiyo ni afya. Ikizunguka bure bila kushika kabisa, imekatika kwenye mhimili. Ikiyumba kando, tundu la mhimili limelika. Ikigoma, tafuta uzi au nywele chini ya mapanga yake. Kata kwa wembe mkukuu na uvute kwa kibanio, usiing'oe kwa nguvu.

Osha filta kwa mswaki, futa mpira wa mviringo unaoizunguka na sehemu unapokalia. Punje moja ya mchanga hapo inatosha kuifanya mashine ivujishe sakafuni. Kaza kwa mkono, mimina lita mbili za maji ndani ya ngoma, kausha sehemu ya filta na uguse kwa karatasi ya chooni: ikilowa, legeza na ukaze upya.

Filta isafishwe mara moja kwa mwezi. Nyumba yenye watoto wa shule au mtu mwenye nywele ndefu, kila wiki mbili.

Kiasi cha maji kilichotoka kina ushahidi

Kumbuka ulivyofungua filta. Kama ngoma ilijaa na maji yakatoka kwa wingi bila kusita, njia kutoka ngoma hadi pampu iko wazi, na kizuizi kiko kwenye pampu au mbele yake. Kama ngoma ilijaa lakini kwenye filta kukatoka glasi mbili tatu tu, maji hayaifikii pampu. Kizuizi kiko kwenye mpira mnene wenye mikunjo unaounganisha tangi na pampu.

Ndani ya mpira huo mara nyingi hukutwa soksi ya mtoto mchanga au kitambaa cha mkononi. Nguo ndogo hupenya kati ya ngoma na mpira wa mlango, hasa mashine ikijazwa kupita kiasi, kisha hushuka hadi chini. Baadhi ya mashine zina mpira wa plastiki wa duara unaoelea humo, uliowekwa ili sabuni isishuke kabla ya kufua. Ukikwama na uchafu, huziba njia.

Kuufikia, toa maji yote, fungua kibao cha chini mbele, au kwa mashine nyingine ilaze kwa ubavu juu ya blanketi. Ilazwe na watu wawili: ndani kuna vipande vya zege vya kuzuia mtikisiko, na uzito wake hufikia kilo 60 na zaidi. Legeza klipu ya mpira kwa koleo, ivute chini, utoe kilichomo na usafishe utelezi wa ndani. Irudishe klipu mahali ilipoacha alama yake, vinginevyo itavuja.

Jaribio la ndoo

Filta safi, feni inazunguka, pampu inavuma, na bado maji hayaendi? Toa mpira kwenye bomba la nyumba, uelekeze mdomo wake ndani ya ndoo ya lita 20 iliyowekwa juu ya kiti au stuli, ili usishuke chini ya sentimita 60. Washa kukamua. Mtu mmoja ashike mpira, mwingine awe tayari kuzima.

Pampu nzima huijaza nusu ya ndoo ndani ya dakika moja na haisitisiti. Yakitoka hivyo, mashine yako haina kosa hata kidogo. Mwite fundi bomba, si fundi wa mashine. Yakichuruzika, fungua mpira pande zote mbili, upitishie maji ya bomba kwa nguvu na utazame yanavyotoka upande wa pili. Sehemu inayoziba sana ni pale mpira unapopindia juu na pale unapoungana na pampu. Angalia pia nyuma: mashine iliyosukumwa ukutani hukanyaga mpira wake yenyewe, na mpira wa plastiki uliokunjika mara moja hubaki na kovu linaloukunja kila mara. Huo ubadilishe.

Neno kuhusu kuunganisha mpira. Bafu likiwa mbali, watu huchomeka mpira wa kumwagilia bustani wa nusu inchi. Upana wake ni mdogo kuliko mpira wa mashine, pampu inasukuma dhidi ya koo nyembamba, na nyuzi hukwama pale pale kwenye kiungo. Tumia mpira wa upana uleule, kiungo chake na klipu mbili, na jumla isizidi kama mita 4.

Bomba la nyumba, chemba na shimo

Bomba linalopokea maji ya mashine liwe la inchi moja na nusu au zaidi, lisimame wima, na mpira uingie sentimita 15 hivi tu ukiwa umelegea. Usizibe nafasi ya kati kwa silikoni wala nailoni. Maji yanaposhuka yanahitaji hewa nyuma yake; ukiziba, ama yatakwama au yatavuta yote yaliyo ndani ya mashine.

Dalili za bomba la nyumba kuziba ni hizi: maji yanafurika juu ya bomba mashine inapotoa, sinki la jikoni linagugumia wakati huohuo, au asubuhi unakuta maji machafu yenye harufu ndani ya ngoma wakati jana uliiacha kavu. Hiyo ya mwisho hutokea pale mashine inapochangia bomba na sinki. Mafuta ya kupikia huganda ndani, maji hukosa njia na kurudi kwenye mpira. Fungua mtego (bomba lililopinda) ulio chini ya sinki, usafishe, kisha pitisha waya wa kuzibulia.

Inua mfuniko wa chemba iliyo nje. Kama imejaa, tatizo liko mbele yake. Kama ni kavu wakati mashine inatoa maji, kizuizi kiko kati ya nyumba na chemba. Kipindi cha masika, kwenye maeneo ambayo maji ya ardhini yako juu, shimo hujaa kutoka nje na kila kitu ndani ya nyumba huanza kwenda polepole. Mashine ndiyo hulalamika kwanza kwa kuwa hutoa maji mengi kwa wakati mmoja. Usihangaike na filta wakati shimo linahitaji gari la kunyonya.

Maji yanatoka yasipotakiwa kutoka

Hili nalo huitwa tatizo la pampu, na silo. Mashine inajaza maji, inajaza, haifiki kiwango, mita ya maji inazunguka, na mwishowe inatoa kosa la maji kutoingia. Nenda kwenye mdomo wa mpira wakati mashine inajaza. Kama maji yanachuruzika hapo na pampu iko kimya, mpira uko chini kuliko kiwango cha maji ndani na unayavuta. Ni hali ya kawaida pale mpira wa mashine ya pampu ulipolazwa sakafuni bafuni. Ufunge ukutani kwa klipu ili upande hadi sentimita 70 au 80 kwanza, kisha ndio ushuke kuelekea tundu la maji, na mdomo wake usizame kwenye maji yaliyotuama.

Povu

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono imetengenezwa itoe povu jingi. Ndani ya mashine povu hilo huingia kwenye pampu, na pampu haiwezi kusukuma povu. Feni inazunguka ndani ya hewa, unasikia kugugumia, maji yanabaki. Samsung huandika Sud. Acha mashine itulie nusu saa povu lishuke, toa maji kupitia filta, kisha isuuze kwa maji baridi bila sabuni mara mbili. Baada ya hapo tumia sabuni ya mashine za otomatiki: vijiko viwili vya chakula vinatosha kwa nguo za kawaida za kilo tano au sita, na kwa maji laini hata kimoja na nusu. Povu likionekana limefunika kioo chote cha mlango, umezidisha.

Pwani kuna jambo la ziada. Maji ya visima vya Dar es Salaam na maeneo mengine ya pwani mara nyingi yana chumvi, na maji magumu hayatoi povu kwa urahisi, hivyo watu huongeza sabuni. Sabuni na chumvi hizo hugandamana kuwa ukoko mweupe ndani ya mpira na kwenye feni. Kila baada ya miezi miwili mitatu endesha mashine tupu kwa maji ya nyuzi 60 na gramu 100 za asidi ya limau ya unga. Usiichanganye kamwe na dawa ya klorini. Hutoa gesi ya sumu.

Ngoma ni kavu, lakini mashine inasisitiza kuna maji

Pampu inavuma bila kukoma, hakuna tone linalotoka, ngoma ni tupu, na kosa linatokea lilelile. Hapa kinachokosea ni kipimo. Kutoka chini ya tangi kuna kichumba kidogo cha hewa na kijipira chembamba kinachopanda hadi kwenye kipimo kilicho juu, chini ya mfuniko wa mashine. Maji yakipanda hubana hewa, na kipimo husoma mbano huo. Utelezi wa sabuni ukiziba mlango wa kichumba, hewa hubaki imebanwa hata maji yakiisha.

Chomoa plagi, fungua skrubu mbili za nyuma, vua mfuniko wa juu. Chomoa kijipira kwenye kipimo na ukipulizie kwa mdomo kuelekea chini. Utasikia maji yakigugumia au utahisi njia imefunguka ghafla. Usipulize kwenye kipimo chenyewe, kiwambo chake hupasuka. Kagua kijipira kama kimetoboka au kimeliwa na panya.

Umeme

Kama pampu inanguruma jioni tu, wakati mtaa mzima unapika na taa zimefifia, pima umeme kwenye soketi mashine ikiwa inafanya kazi. Kawaida ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya. Ikishuka chini ya 200, pampu inaweza kushindwa kuanza ingawa ni nzima. Inveta za bei ndogo, ambazo mawimbi yake si laini, nazo huifanya ingurume na kupata moto.

Pampu yenyewe

Umefika hapa, na njia yote ni safi? Sasa ndiyo zamu ya pampu. Chomoa plagi, chomoa kiungo cha nyaya zake, pima ukinzani kati ya miguu miwili (vichuma vinavyopokea nyaya) kwa mita ya fundi umeme. Pampu za kawaida za volti 220 hadi 240 zenye wati 30 hivi husoma takribani omu 100 hadi 200. Mita isiposoma chochote, koili imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, imeungua. Pima pia kati ya mguu na chuma: hapo isisome kitu. Mashine mpya zenye pampu ya nyaya tatu hazipimwi hivi, hizo mpelekee fundi mwenye vipimo vyake.

Koili ikisoma vizuri na pampu bado iko kimya, usiibadilishe. Tazama miguu yake. Kwa hewa ya chumvi ya pwani huota kutu ya kijani na kukata mawasiliano. Isugue, bana kiungo, rudisha. Fuata waya hadi juu ukitafuta meno ya panya. Vyote vikiwa vizima, bodi ya umeme inayoongoza mashine haipeleki umeme, na kupima hapo umeme ukiwa umewaka ni kazi ya aliyezoea.

Ukienda Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi kununua, beba ile ya zamani. Picha haitoshi. Linganisha idadi ya skrubu au meno yanayoshika mota kwenye kikombe chake cha plastiki, mahali kiungo cha umeme kinapotokea, upande feni inapokaa, volti na wati. Mara nyingi mota peke yake huuzwa na kikombe cha zamani chenye filta hubaki, jambo linalopunguza gharama na uvujaji. Ikae sawasawa kwenye mpira wake wa kuzuia maji kabla hujakaza skrubu.

Nguo zimelowa lakini maji yametoka

Hili halihusu utoaji maji. Blanketi moja peke yake, au zulia la bafuni, hukaa upande mmoja na mashine hukataa kukimbia. LG huandika UE, si OE. Panga nguo upya, ongeza taulo mbili, au toa baadhi. Hakikisha pia hukuchagua mpango usio na kukamua.

Mashine za mteremko

Anza na mpira: shusha wote ulale, usiwe na mgongo popote, mdomo uwe wazi. Hilo peke yake humaliza kesi nyingi.

Kwenye otomatiki ya mfuniko wa juu, valvu huvutwa na mota ndogo iliyo chini. Mota hiyohiyo huvuta pia mkono wa gia unaoruhusu ngoma ikamue. Kwa hiyo mashine inayofua vizuri lakini haitoi maji wala haikamui imeelekeza kidole kwenye mota hiyo au waya wake. Inua mbele kidogo, weka kigingi imara, plagi ikiwa nje, uangalie kama kamba yake haijakatika. Ikiwa nzima, ivute kwa mkono: maji yakitoka, valvu ni nzima na mota ndiyo imechoka. Yasipotoka, valvu imezibwa. Fungua kizibo chake, toa spring na mpira, safisha.

Kinyume chake, maji yakivuja polepole wakati inafua, kuna kifungo, uzi au punje ya mchanga iliyokaa kati ya mpira wa valvu na kiti chake. Safisha, na kama mpira umekauka na kupasuka, nunua mwingine. Ni kipande cha bei ndogo.

Za matangi mawili ni nyepesi kuliko zote. Kitasa cha juu huvuta utepe, utepe huinua valvu. Kitasa kikizunguka bila uzito wowote, utepe umechomoka au umekatika. Fungua kibao cha nyuma, utauona ukining'inia. Uurudishe kwenye ndoano yake na uache ulegee milimita chache valvu ikiwa imefungwa. Ukivutika hata kidogo, valvu haitafunga vizuri, na maji ya kufulia yatakuwa yanatoka huku unayajaza.